Tochi ya kuangalia ndege usiku: tazama mwali kabla ya lumeni

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi Mishomoroni, Mombasa, na nyuma ya nyumba yetu kuna mikoko ya hori la Tudor. Usiku nasikia bundi na chekeamwezi, lakini kuwaona ndiyo kazi. Nilinunua tochi ya kuvuta kioo, imeandikwa lumeni 100,000. Nikiiwasha mti mzima unang'aa, ndege simtambui, na kabla sijainua darubini kesharuka. Rafiki yangu asema ninunue yenye taa nyekundu kwa sababu ndege haoni nyekundu. Mwengine asema tochi ya kichwani yatosha. Mwisho wa mwaka nataka kwenda msitu wa Arabuko-Sokoke kumtafuta yule bundi mdogo. Ninunue ipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nunua mbili ndogo. Moja ya mkononi, yenye mwali mwembamba, mwanga usio wa buluu, na viwango vingi vinavyoanzia chini kabisa. Ya pili ya kichwani, yenye taa nyekundu hafifu. Ya mkononi ni ya ndege. Ya kichwani ni ya miguu yako na daftari lako. Nikikuachia hapo utarudi dukani uuziwe laki nyingine, kwa hivyo nieleze.

Kwanza hiyo laki moja. LED nzuri hutoa lumeni 100 hadi 150 hivi kwa kila wati ya umeme. Lumeni 100,000 zingetaka wati 600 na zaidi, yaani nusu ya pasi ya umeme kuishika mkononi usiku kucha. Ukiifungua tochi yako nadhani utakuta betri moja ya 18650, ile ya milimita 18 kwa 65. Betri halali ya aina hiyo, hata ikiwa nzuri, ina umeme wa wati-saa 12 au 13. Kwa matumizi ya wati 600 ingekwisha kwa dakika moja na kidogo, na mkono wako ungeungua kabla ya hapo. Nambari ile ni mapambo ya kasha tu, na tochi za namna hiyo kwa kawaida hutoa mia kadhaa za lumeni. Mia kadhaa zatosha sana kumwona ndege. Shida yako iko kwingine.

Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka mbele ya tochi, uende unakokwenda. Kwa ndege unataka kujua mwanga kiasi gani unakwenda pale alipo, na kipimo chake ni kandela. Tochi mbili zaweza kuwa na lumeni 500 kila moja, hii ikawa na kandela 2,000 na ile 20,000. Ya kwanza ni ya kupikia uani. Ya pili inamfikia ndege upande wa pili wa tope. Makampuni yanayopima kwa kanuni huandika pia umbali kwa mita, na umbali huo una maana maalumu: ni pale ambapo mwanga wa tochi umefifia hadi robo ya laksi (kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), karibu sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu. Hesabu yake ni rahisi. Chukua kipeuo cha pili cha kandela, zidisha kwa mbili. Kandela 10,000 ni mita 200.

Lakini nani atambue manyoya kwa mwanga wa mbalamwezi? Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hivyo ukisogea hadi robo ya safari unapata mwanga mara 16. Mimi huchukua mita zilizoandikwa nikagawanya kwa nne au tano, nikapata umbali wa kuona kitu cha maana kwa darubini. Tochi ya mita 200 kwangu ni tochi ya mita 40 hadi 50. Hapo ndipo ndege wengi wa usiku utakaowaona walipo, au karibu zaidi. Kwa hivyo tafuta kandela 10,000 hadi 20,000, na lumeni 300 hadi 600 hazitakupungukia.

Sasa kwa nini mti unang'aa na ndege humwoni? Tochi yako inamwaga mwanga mwingi pembeni. Matawi yaliyo mita tatu mbele yako yanapata mwanga mwingi kuliko bundi aliye mita 25 nyuma yao, na yanaurudisha usoni mwako. Mboni ya jicho lako inafunga kwa ajili ya yale majani ya karibu, na kila kilicho nyuma kinakuwa giza. Ukiongeza nguvu, majani yanazidi kung'aa na bundi anazidi kupotea. Usiku wa unyevu ni vivyo hivyo. Kaskazi ikitulia, hewa ya hori ikawa nzito, utaona ukungu mweupe mbele ya tochi na hutaona kitu kingine. Dawa yake ni mwali mwembamba usiomwagika, na kuwa tayari kuushusha.

Za kuvuta kioo kama yako zina mwali mwembamba ukizivuta hadi mwisho, nakubali. Jaribu ukutani: utaona kipande cha mraba chenye mistari, kwa sababu lenzi inachora sura ya chipu yenyewe. Ndani ya mraba ule kuna mwanga mkali mmoja na nje yake giza tupu, kwa hivyo unamtafuta ndege kwa tundu la ufunguo. Tena kichwa kinachoteleza mbele na nyuma huvuta hewa na chumvi kuingia ndani. Kwa mtu wa pwani hilo peke yake latosha kuikataa. Tochi unayoitaka ina kikombe laini cha kuakisi mwanga, kina kirefu kidogo, na ukimulika ukuta unaona kitovu kikali cha mviringo kinachofifia polepole kuelekea pembeni. Huo mwanga hafifu wa pembeni unakuonyesha tawi linaanzia wapi bila kukupofusha.

Hapa nakaa kidogo, kwani wauzaji hawaulizwi jambo hili: tochi inashuka hadi wapi? Fikiria ndege wawili uliowataja. Chekeamwezi husimama mahali pa wazi, kwenye tope maji yakitoka au kwenye majani mafupi, na hatakuruhusu umkaribie. Yeye anataka mwali wa mita 50, labda 60. Bundi wa Sokoke ni kiumbe mwengine kabisa. Urefu wake ni sentimita 16 au 17, anakaa kwenye miti mifupi iliyosongamana ya sehemu ya udongo mwekundu, na ukimpata huenda mko mita nane tu. Mulika mita nane kwa kandela 15,000: unampiga kwa laksi zaidi ya 200, mwanga wa ofisini, katika macho yaliyojifungua kwa giza. Lumeni 10 au 20 zatosha kabisa kumwona. Kwa hivyo tochi moja ihudumie wote wawili, nayo iwe na viwango vinne au vitano, cha chini kikiwa cha lumeni chache, na iwake kwa kiwango cha chini kwanza. Nyingi za bei rahisi huwaka kwa nguvu zote, kisha ubonyeze mara mbili kushuka. Kwa kazi hii hazifai. Na ile yenye kuwaka-kuzima kwa kasi katikati ya viwango, irudishe kabatini kwa mwenye duka. Siku moja utaibonyeza kwa bahati mbaya mbele ya ndege uliyemtafuta usiku mzima.

Rangi ya mwanga wapo wanaoiona anasa. Mimi siioni hivyo. LED nyingi za bei rahisi ni za kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 6,500 na zaidi, nyeupe ya buluu. Chini ya mwanga huo gome la mti na mgongo wa bundi vyote vinakuwa kijivu kilichopauka. Na bundi amevaa gome makusudi! Tafuta kelvini 4,000 hadi 5,000, na kwenye kasha utazame herufi CRI, kipimo cha uaminifu wa rangi: 90 na zaidi ni nzuri. Utapoteza lumeni kidogo, lakini utapata hudhurungi, utapata wekundu wa kutu, utapata mistari ya kifuani.

Sasa taa nyekundu. Rafiki yako amesema nusu ya ukweli. Si kweli kwamba ndege hawaoni nyekundu. Ndege wengi wana aina nne za chembe za rangi machoni, sisi tuna tatu, na nyekundu wanaiona vizuri. Matunda yangewasaidia nini kama wasingeiona? Kinachofanya nyekundu ifae usiku ni chembe zile nyingine, za kuonea gizani, ambazo hazisisimki sana kwa nyekundu iliyokoza. Macho ya bundi yamejaa chembe hizo, kwa hivyo nyekundu *hafifu* humsumbua kidogo kuliko nyeupe. Nyekundu kali ni usumbufu kama mwengine.

Anayefaidika zaidi na nyekundu ni wewe. Jicho la mtu huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na mwanga mweupe wa sekunde chache unakurudisha nyuma. Ukitembea na nyekundu hafifu kichwani unaona mzizi, unaona kaa, unaandika saa kwenye daftari, na macho yako yanabaki ya usiku. Tena wadudu hawaifuati sana. Tochi nyeupe ya kichwani wakati wa mvua za vuli ni kualika kumbikumbi wakuingie puani, na kila ukigeuza uso unammulika mwenzako machoni.

Lakini usijaribu kumtambua ndege kwa nyekundu. Bundi wa Sokoke wapo wa kijivu, wapo wa hudhurungi, wapo wa rangi ya kutu, wote jamii moja. Chini ya taa nyekundu wote watatu wanafanana. Tafuta kwa nyekundu ukipenda, kisha mpe nyeupe ya chini sekunde chache, uone, uzime.

Namna ya kushika nayo ina umuhimu, pengine kuliko tochi yenyewe. Macho ya wanyama wengi wa usiku hurudisha mwanga kwenye njia ileile uliyojia. Ukishika tochi kiunoni, mng'ao unarudi kiunoni. Ishike kando ya shavu, usawa wa jicho. Ndege kirukanjia aliyelala njiani utamwona kama kaa la moto la rangi ya machungwa, hali mwili wake umepotea kwenye majani makavu. Vinukta vidogo vyeupe-kijani vinavyometa ardhini ni macho ya buibui. Utavikuta kwa mamia, usivihangaikie. Mng'ao mwekundu mkubwa unaoruka tawi hadi tawi ni komba. Unaotambaa kwa utulivu juu ya shina yaweza kuwa kanu. Bundi mng'ao wake ni hafifu, kwa hivyo usimtafute kwa macho yake. Mtafute kwa sikio, ujue mti, ujue upande, ndipo uwashe. Na ukiwasha, elekeza mwali chini ya shina kwanza, upandishe polepole, umsimamishe ndege kwenye ukingo wa mwanga. Kitovu kikae pembeni yake. Sekunde tano, kumi, basi. Kiota na makinda usivimulike hata kidogo. Bundi aliyepofushwa hata kwa muda mfupi hawezi kuwinda, na aliyefurushwa mchana huandamwa na ndege wengine.

Kabla hujamulika, darubini iwe imeshafika kifuani, ukanda umefupishwa. Kwa mkono mmoja darubini, kwa mwengine tochi: ndiyo maana nakuambia ndogo, isiyozidi urefu wa kiganja. Na tazama nambari za darubini yako. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: 8x42 inatoa milimita 5 na kidogo za mwanga kwenye jicho, 10x25 inatoa 2.5 tu. Mboni yako gizani inafunguka milimita 5 hadi 7. Kama darubini yako ni ile ya kufungia mfukoni, hakuna tochi itakayokuokoa. Weka pesa za tochi kwenye darubini kwanza. Usiku wa mwezi mpevu, ukiwa na 8x42 au 7x50, chekeamwezi wa kwenye tope atakuja wazi bila tochi yoyote. Ndizo nyusiku anazolia sana, jina lake limeshasema.

Dukani fanya majaribio mawili. La kwanza, omba iwashwe kiwango cha chini, uielekezee kamera ya simu. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye skrini, mwanga ule unapunguzwa kwa kuwaka na kuzima haraka. Picha na video zako zitaharibika. La pili, shika betri. 18650 halali ina gramu 45 hivi au zaidi. Ikiwa nyepesi kama karatasi nayo imeandikwa 9,900 mAh (kiasi cha umeme inachobeba), huo ni uongo. Nyingi za aina hii huishia 3,500 hivi. Mpya zaidi ni 21700, nene kidogo, zinafika 5,000 na zaidi. Ya kuchajiwa kwa waya wa simu ndani ya tochi yenyewe ni rahisi, mradi mfuniko wa tundu lake unaziba sawasawa.

Kuhusu maji: IPX4 ni rasharasha, IPX7 ni kuzama mita moja kwa nusu saa, IPX8 zaidi ya hapo. Chukua IPX7. Kisha ukirudi kutoka mikokoni isuuze kwa maji ya bomba ikiwa imefungwa, uikaushe, na mara mojamoja paka mpira wa shingoni mwa tochi mafuta ya silikoni. Chumvi yetu haisamehi nyuzi za kufungia za alumini.

Jambo jengine hukuliuliza, lakini unaishi Mishomoroni nami najua mitaa yetu. Mtu anayemulika mikoko na mapaa saa nne usiku ni mwizi, au ni mchawi. Akiwa anamtafuta bundi ni zaidi ya mchawi, maana wazee wetu bundi akilia juu ya paa husoma kisirani. Mwambie balozi wa nyumba kumi mapema, mwambie na mlinzi wa jirani, ikiwezekana umpe darubini aone mwenyewe. Usiende peke yako. Usielekeze mwali juu kwa ndege zinazotua uwanja wa Moi, wala ng'ambo ya Mtongwe kwenye kambi ya wanamaji. Na ukienda ufuoni, taa nyeupe zimisha kabisa: kasa akipanda kutaga akiona mwanga hurudi majini.

Kwa Sokoke, usiingie msituni usiku kwa ujasiri wa tochi. Msitu ule ni wa kilomita za mraba zaidi ya 400, una ndovu, na ndovu gizani kwenye kichaka hasikiki mpaka umefika. Pita kituo cha Gede, kabla ya Malindi, ulipie na uchukue mwongozaji. Waongozaji wazoefu hujua miti anayolala yule bundi na mara nyingi humwonyesha mchana, wawili wamebanana kwenye tawi, bila taa ya aina yoyote. Usiku mtamsikia, mluzi mmoja mmoja usiochoka, na mwongozaji ndiye wa kusema tochi iwake lini. Muulize pia kama mbinu yake ni kupiga sauti ya ndege kwenye spika. Mwambie wewe waridhika kungoja.

Mwisho wa mwaka ni vuli, kwa hivyo beba betri ya pili iliyojaa. Iweke kwenye kijikasha cha plastiki. Usiitie mfukoni pamoja na funguo na sarafu: zikigusa ncha zote mbili betri inapata shoti, na betri hizi zikipata shoti huwaka moto.